Spoila Iliyokataa Kukaa

Ndugu zangu, fungeni vitabu vyenu kwa muda. Nataka nimlete mbele yenu mama mmoja na gari lake.

Mama huyu aliishi katika mji mmoja wa milimani, mji wa baridi na ukungu, na alikuwa mzaliwa wa kwanza katika nyumba ya watoto sita. Kila ukoo una mtu wa namna yake. Ukitaka kujua bibi alibatizwa mwaka gani, unamwuliza yeye. Ukitaka kujua ng'ombe wa mahari ya shangazi walikuwa wanne au watano, unamwuliza yeye. Naye hakujibu kwa kukisia. Aliingia chumbani, akatoka na daftari la jalada gumu, akavaa miwani, akasoma. Kama jambo halimo, alisema, "Hilo sikuandika," akafunga daftari. Hakuwa mwongeaji. Lakini alichosema kilikuwa kimekwisha pimwa, na watu walimheshimu kwa hilo.

Sasa, mtu mkimya naye ana kitu kinachomvimbisha kifua. Cha kwake kilikuwa gari la marehemu baba yake.

Lilikuwa gari la michezo la zamani, jekundu, la milango miwili, refu kwa mbele na fupi kwa nyuma, lililokaa chini kiasi kwamba mtu mnene akishuka ungetaka kumpa mkono, kama anayetolewa kisimani. Baba alilinunua kwa mlowezi mmoja wa tumbaku aliyekuwa anarudi kwao Ugiriki. Katika mji ule wa matrekta na malori ya viazi, gari lile likipita sokoni akina mama waliacha kupima. Baba alipofariki aliliacha kwa binti yake wa kwanza. Wadogo zake wa kiume walinung'unika: gari la michezo na mwanamke, wapi na wapi? Yeye hakujibizana nao. Siku ya arobaini alilitoa, akapanda nalo mlima wa kanisani kwenye utelezi, malori mawili yakiwa yamekwama kando, akafika juu bila tope kwenye kioo. Hakuna aliyenung'unika tena.

Walikuwa na desturi yao pia. Kila Mwaka Mpya, baada ya ibada, ukoo mzima ulipiga picha na gari lile. Baba aliliegesha mwenyewe, ubavu wa kushoto ukutani, nafasi ya kiganja tu, akasema, "Gari la heshima huegeshwa ukutani." Watoto wakaishika desturi. Wajukuu waliokuja kununua magari yao wenyewe, mmoja Dodoma, mwingine Mbeya, wakawa wanaegesha hivyo hivyo, ubavu wa kushoto ukutani, na ukiwauliza sababu wanakutazama kama umeuliza kwa nini watu hula kwa mkono wa kulia.

Na gari hilo lilikuwa na hadithi. Katika mji ule palikuwa na mwuza maziwa, aliyepeleka maziwa asubuhi kwa baiskeli, dumu moja huku, dumu moja huku. Jumanne moja yenye ukungu, baba yake yule mama alifika hospitali akiwa amembeba mwuza maziwa mikononi, damu na maziwa vikimchuruzika hadi viatuni. Alikuwa amemwokota kwenye kona ya mashine ya kusaga. Hadithi ilivyosimuliwa, mwuza maziwa alikuwa amekunywa usiku kucha, akaanguka na baiskeli yake, na wapita njia wakampita, mpaka alipotokea mwenye gari jekundu. Mwuza maziwa alipona akiwa na mguu unaochechemea, na tangu siku ile watoto walimwita Mzee Chupa. Watu wazima nao wakafuata. Baba yule wakamwita Msamaria, wakamchagua kuwa mzee wa kanisa. Wahubiri walimtaja madhabahuni: "Ni wangapi kati yetu wangemlaza mlevi kwenye viti vya ngozi?" Binti yake aliyasikia maneno hayo tangu msichana, na kila aliposikia aliketi wima zaidi kwenye benchi. Je, wewe usingeketi wima?

Basi usharika ukatimiza miaka hamsini. Kamati ikamwendea yule mama na maombi mawili. La kwanza, gari la Msamaria limpokee askofu njia panda na kumleta mpaka mlango wa kanisa. La pili, yeye mwenyewe asome mbele ya watu maisha ya baba yake. Akakubali yote mawili kwa maneno matatu: "Nitajitahidi. Asanteni." Lakini walipotoka alikwenda kusimama uani, akalitazama gari kwa muda mrefu.

Ndani ya kitabu cha gari lile baba alikuwa amehifadhi ukurasa aliouchana kwenye gazeti la magari. Ulionyesha gari kama lake, lililofungwa spoila ya mbele, ile ngozi ngumu ya faiba inayokaa chini ya bampa kama kidevu, inayofanya gari lionekane linataka kuondoka hata likiwa limesimama. Pembeni baba alikuwa ameandika kwa penseli: Siku moja. Kiwanda kilikwisha kuacha kutengeneza gari lile zamani, lakini wako watu ng'ambo wanaotengeneza vipuri vya namna hiyo kwa wapenzi wa magari ya kale. Yule mama akaagiza, na baada ya miezi minne ikaja, nyeusi, ndani ya boksi refu kuliko mlango. Ilifika ikiwa imebaki juma moja na siku mbili kabla ya sikukuu. Akaipeleka gereji siku hiyo hiyo.

Fundi wake alikuwa fundi wa bodi, mwanamume wa makamo, mwenye mikono mizuri na mdomo usiojua likizo.

"Shikamoo mama! Leo Babu Jekundu anafuga ndevu?"

"Marahaba. Anafungwa kidevu, si ndevu."

"Kidevu bila ndevu, askofu atadhani tumempokea kwa mtoto." Akaifungua ile spoila, akapitisha kiganja juu yake. "Kazi safi hii. Lakini rangi baadaye. Kwanza tuijaribishe, tuone kama wamepima gari hili au wamelisikia tu."

Akaliinua gari, akatandika boksi chini, akalala chali, akaishika spoila kwa vibanio na mkanda wa karatasi. Upande wa kulia ikakaa kama ulimi mdomoni. Upande wa kushoto ikagoma. Palibaki mwanya wa vidole viwili kati yake na bati la chini ya bampa. Fundi akaisukuma, ikakaa kushoto, ikainuka kulia. Akairudisha kulia, ikaachia kushoto.

"Wameniletea kitu kibovu," yule mama akasema.

"Tusimhukumu mgeni kabla hajala, mama. Tumpime."

Gereji ile ilikuwa na sakafu moja ya saruji ambayo fundi aliimwaga mwenyewe na kuisawazisha kwa mpira wa maji, ule wa kupimia usawa. Hapo ndipo aliponyooshea kila kitu. Akailaza spoila juu yake. Haikuyumba. Akajaribu kupitisha wembe chini yake, pembe hii, pembe ile. Wembe haukupita. Halafu akachukua uzi, akauvuta kutoka gurudumu la nyuma mpaka la mbele, upande huu na upande huu, akachora chaki, akapima kutoka bolti ya katikati.

"Kulia sabini na moja," akasema. "Kushoto sitini na nane."

"Pima tena."

Akapima tena. Sabini na moja, sitini na nane.

"Pima nikiwa nimeshika uzi mimi."

Wakapima mara ya tatu. Yule mama akaandika namba zote sita katika daftari lake, kwa sababu ndivyo alivyokuwa.

Fundi akajifuta mikono kwa kitambaa, na kwa mara ya kwanza siku ile akapunguza sauti. "Mama, spoila haina kosa. Gari ndilo limepinda."

"Gari la baba yangu halijagonga hata kuku."

"Sikusema limegonga kuku."

Ndugu zangu, hapo mngefanyaje? Kiko kitu kimoja kilichonyooka na kitu kimoja kilichopinda. Kilichonyooka kimekuja leo ndani ya boksi. Kilichopinda ni cha baba yako, na kina picha ukutani. Kipi utakitilia shaka?

"Ikate," yule mama akasema.

"Nikate spoila?"

"Ikate ifuate gari. Askofu hatakuja na uzi."

Fundi akakuna kichwa. "Kukata nitakata, mimi ni fundi. Lakini nikikata, kitu hiki hakitakaa kwenye gari lingine lolote duniani. Kitakaa kwenye kosa hili tu."

"Mimi nina gari moja."

Akachora mstari wa chaki juu ya spoila, kuzifuata zile sentimita tatu. Akachukua msumeno. Halafu akasita, kwa sababu za kifundi tu: akitoboa matundu bila kujua bati liko wapi, bolti zitashika hewa. Akachukua msasa badala yake, akaanza kukwangua rangi upande wa kushoto.

Rangi nyekundu ikatoka. Chini yake kukatokea puti, ile lipu ya mafundi wa bodi ya kuzibia mashimo, nene kama kidole gumba. Fundi akabadilisha kifaa, akaitoa vipande vipande. Bati lilipoonekana lilikuwa limekunjwa kwa ndani, mkunjo mmoja mwembamba wa wima, na kuuzunguka alama nyingi za nyundo.

"Hapa palinyooshwa na mtu aliyekuwa na haraka," fundi akasema. Akachungulia. "Hata nati za bampa upande huu si za kiwandani. Na huu si ukuta, mama, wala kisiki. Ukuta huacha alama pana."

Akaingiza bisibisi kwenye mkunjo, akachokonoa, kikadondoka sakafuni kitu kidogo. Yule mama akainama akakiokota. Kilikuwa kipande cha plastiki nyekundu, chenye vidoadoa kama macho ya nzi, kile kinachong'aa nyuma ya baiskeli gari likikimulika.

Fundi mwenye mdomo usiojua likizo akageuka, akaanza kupanga spana zake.

Yule mama akarudi nyumbani kwa miguu. Akatoa albamu. Picha za Mwaka Mpya zilikuwa ishirini na tisa, kila moja na tarehe, kila moja na majina ya waliosimama kutoka kushoto kwenda kulia, hata watoto wa mgongoni. Akazipitia moja moja. Ubavu wa kulia. Ubavu wa kulia. Ubavu wa kulia. Yeye, ambaye aligundua kosa la siku moja katika cheti cha ndoa cha mjomba, alikuwa ameziandika picha ishirini na tisa kwa mkono wake, wala hakuwahi kujiuliza upande wa pili wa gari unatazamwa na nani. Alikuwa akiuita ukuta ule heshima.

Hakulia. Alipika chai, ikapoa. Kesho yake saa tisa alasiri akaenda kwa Mzee Chupa.

Alimkuta anakata majani ya ng'ombe, mguu mmoja umenyooka mbele kwa sababu haukunjiki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti wa Msamaria. Mbona leo kwa miguu? Gari limekuchoka?"

Yule mama hakujua kuzunguka. Akafungua kiganja. Mzee akaacha panga, akakichukua kile kipande, akakifuta kwa shati, akakiinua kwenye mwanga. Halafu akacheka, cheko la polepole.

"Baiskeli ilikuwa haijatimiza mwezi," akasema. "Nilikitafuta hiki! Nilidhani kilibaki barabarani."

"Ilikuwaje, baba?"

"Ilikuwa ukungu. Hakuwa na mwendo mkubwa, usimsingizie. Sikumsikia kwa makelele ya madumu, naye hakuniona. Akashuka, akaninyanyua peke yake, na unajua baba yako hakuwa mtu wa kubeba vitu. Alilia njia nzima mpaka hospitali. Hilo nalo liandike."

"Kwa nini hukusema? Miaka thelathini na mmoja!"

"Aliniomba nimsitiri. Akasema atasimama mwenyewe kanisani, Jumapili, aseme kwa mdomo wake. Nikaona ni haki. Jambo la mtu aliseme mwenyewe. Nikampa neno langu."

"Jumapili gani?"

"Hakutaja." Mzee akageuza kile kipande kiganjani. "Nilikwenda zote. Nilikaa nyuma, karibu na mlango, kwa ajili ya mguu. Kila aliposimama kusoma matangazo nilijisemea, leo. Nilimwona akifungua mdomo, mara mbili, mara tatu, akasoma habari za kwaya. Hata siku ya kumzika nilikuja. Nilidhani labda ameacha barua."

Yule mama hakuwa na daftari siku ile.

"Ulimchukia?"

"Nilichoka. Kuchoka si kuchukia, mwanangu. Na mguu nilikwisha kuuzoea. Lile jina ndilo sikulizoea. Mji huu kila nyumba ina pombe ya ulanzi, na mimi ulanzi sijui ladha yake. Baba yangu alikuwa mlevi. Niliapa nikiwa na miaka kumi na miwili. Sasa wajukuu zangu wanaulizwa shuleni, 'Babu yenu Chupa amelala mtaro gani leo?'" Akanyoosha mgongo, na wakati huo alikuwa mtu mrefu kuliko yule mama alivyowahi kumwona. "Lakini neno nililompa baba yako halikuvunjika. Mwambie yeyote. Hata mke wangu amekufa hajui."

"Sasa nimejua mimi. Wewe hukusema."

"Sikusema," mzee akakubali, na akaonekana mtu mwenye fahari kuliko mwenye gari yeyote.

Yule mama akarudi gereji. Fundi alimwuliza: "Ninyooshe bati? Nikikesha, mpaka Ijumaa litakuwa sawa, na spoila itakaa bila kukatwa."

"Usinyooshe. Toa puti yote, liache wazi."

"Mbele ya askofu?"

"Mbele ya askofu. Kidevu kikae kwenye boksi mpaka gari lijue linakifungia wapi."

Jumapili ikafika. Gari jekundu likatoka njia panda na askofu ndani yake, limeng'arishwa kila mahali, isipokuwa pale mbele kushoto, bati tupu lililokunjamana, la rangi ya sufuria. Vigelegele vilianza kwa nguvu vikapungua kadiri gari lilivyosogea. Mdogo wake mmoja akamfuata mlangoni, akamnong'oneza kwa hasira, "Dada, umelichubua gari la baba siku ya leo?"

"Sikulichubua mimi. Nenda ukakae."

Akasimama mbele, akavaa miwani, akasoma. Alisoma baba yake alizaliwa lini, alibatizwa lini, alichoma matofali mangapi ya kanisa hilo. Yote hayo yalikuwa kweli, na aliyasoma kwa fahari. Kisha akageuza ukurasa.

"Siku ya Jumanne, saa moja na nusu asubuhi, kwenye kona ya mashine ya kusaga, gari hili lilimgonga kwa nyuma mwuza maziwa aliyekuwa upande wake wa barabara." Akamtaja mzee kwa jina lake la ubatizo na jina la baba yake. "Hakuwa amelewa. Hajalewa siku yoyote ya maisha yake. Baba yangu alimbeba, akamwuguza, akalia. Kisha akawaambia watu kwamba amemkuta amelewa, na sisi watoto wake tukaujengea uongo huo nyumba. Nimeupima kwa uzi. Naomba kumbukumbu isahihishwe."

Kutoka nyuma, karibu na mlango, benchi likalia. Mzee Chupa alikuwa anasimama, taratibu, kwa ajili ya mguu.

"Binti yangu," akasema, "umesoma vizuri. Asante. Lakini mahali pawili umekosea, na wewe hupendi makosa. Ilikuwa saa moja na robo."

Yule mama akachukua kalamu, akasahihisha. "La pili?"

"Baba yako hakusema kwamba nimelewa."

Akainua kichwa. "Hakusema?"

"Nilikuwepo, nimelazwa kitandani, masikio mazima. Walipomwuliza alisema, 'Nimemkuta kwenye kona, ameumia.' Basi. Aliinamisha uso, hakuongeza. Alificha lake. Lile la pombe halikutoka kwake."

"Lilitoka kwa nani?"

Mzee Chupa akatazama mabenchi, moja baada ya jingine, kuanzia mbele, pale wanapokaa wazee wa kanisa. Hakuna aliyeinua macho. Kisha akaketi.

Ndugu zangu, nilipoanza mlidhani mfano huu ni wa mama na gari lake. Mama nimemwacha; yeye na Mungu wake wameelewana. Sasa niko kwetu.

Nani alisema amelewa? Mwenye gari alikuwa na kosa lake, na lilikuwa kubwa: alinyamaza penye kusema. Lakini yeye alificha mkunjo wa bati tu. Sisi ndio tuliotafuta kitu cha kuujaza. Tulikuwa na gari zuri na mtu aliyejeruhiwa, na lazima mmoja wao awe na kosa, na gari hatukutaka liwe nalo, kwa sababu lilikuwa fahari ya mji. Tukamtazama yule mtu, tukakumbuka baba yake alikuwa mlevi, tukasema, ah, basi. Hakuna aliyemnusa mdomo. Fundi yule wa gereji alipima mara tatu kabla ya kugusa msumeno. Sisi hatukupima hata mara moja. Kilichonyooka katika mji mzima kilikuwa neno la mwuza maziwa, nalo ndilo tulilolikata, sentimita baada ya sentimita, miaka thelathini na mmoja, mpaka likakaa vizuri kwenye gari letu lililopinda. Kisha tukamhubiria yeye habari za Msamaria, akiwa amekaa mlangoni anatusikiliza.

Kuna ubaya gani kuwa na fahari? Hakuna. Mungu hakumkataza mtu kuipenda nyumba yake. Lakini fahari ikidai mtu mmoja apungue ili sisi tutoshee, hiyo tuikague.

Na msiniambie kwamba huo ni mji mwingine. Nimewasimulia habari hizi tangu mwanzo, nanyi mmenisikiliza vizuri. Mama nilimwita mama. Fundi nilimwita fundi, kwa kazi ya mikono yake. Askofu nilimwita askofu. Mwuza maziwa nilimwita nini? Nilimwita Mzee Chupa, na mkacheka, niliwaona. Nilipofika pale mama alipomtaja kwa jina lake la ubatizo, sikuwaambia ni jina gani, na hakuna hata mmoja wenu aliyeinua uso kama mtu aliyenyimwa kitu. Mlitosheka. Nimekuwa nikimwita hivyo hata baada ya ninyi kujua kwamba hanywi, na mlitosheka.

Sasa tutaimba. Lakini kabla ya kuimba, kila mmoja wetu amfikirie mtu mmoja wa mtaani kwake ambaye hatumwiti kwa jina lake, tunamwita kwa kilema chake, au kwa aibu tuliyomvisha wenyewe. Umempata? Najua umempata. Sema jina lake la kweli, kwa sauti ya kumfikia jirani yako.

Anayelijua na asimame tuimbe. Asiyelijua abaki ameketi, na akitoka hapa asipitie nyumbani. Aende akamwulize.